Gari la familia la viti saba: Yapi ya kukagua kabla ya kutoa fedha

Na Mwandishi Wetu

FAMILIA inapofikisha watoto watatu au wanne, na bibi au babu akahamia nyumbani, gari dogo la viti vitano huanza kuwa kero. Ndipo wazazi wengi huanza kutafuta gari la juu lenye viti saba, na kwa kuwa bei ya gari jipya haishikiki, safari yao huishia katika yadi za magari yaliyotumika au kwa wauzaji wa Japani wanaotangaza kupitia mtandao.

Fedha zinazotolewa hapo aghalabu huwa ni akiba ya miaka mingi au mkopo wa benki. Uchaguzi mbaya waweza kuigeuza akiba hiyo kuwa deni la gereji, na lililo baya zaidi, waweza kuwaweka watoto katika viti visivyowalinda.

Swali la kwanza kwa mnunuzi ni moja: viti hivyo saba vitajaa mara ngapi? Iwapo ni kila siku ya shule, safu ya tatu ndiyo sehemu muhimu kuliko zote. Iwapo ni mara chache kwa mwaka, basi ulaji wa mafuta na bei ya vipuri vina uzito zaidi.

Miongoni mwa magari yanayoonekana sana katika barabara za Afrika Mashariki ni Toyota Land Cruiser Prado. Lile la toleo la 120, lililotengenezwa kati ya mwaka 2002 na 2009, viti vyake vya nyuma hukunjwa kuelekea pembeni, na lile la toleo la 150 lililofuata viti vyake hulala sakafuni. Magari haya yamejengwa juu ya fremu, huvumilia barabara mbovu, lakini ni mazito na bei yake ni kubwa.

Kundi la pili ni la magari mepesi zaidi, kama Toyota Vanguard iliyouzwa Japani kuanzia mwaka 2007 hadi 2013, Nissan X-Trail ya toleo la T32, na Mitsubishi Outlander. Yote haya yapo ya viti vitano na ya viti saba, hivyo jina la gari pekee halitoshi kumhakikishia mnunuzi idadi ya viti.

Katika kundi hili safu ya tatu ni finyu na huwafaa zaidi watoto. Mnunuzi anashauriwa kwenda na familia yake nzima, kuwaketisha wote, kufunga milango na kutazama kama magoti ya wa nyuma yanapata nafasi, na kama mgongo wa kiti unabaki na umbali wa kutosha kutoka mlango wa nyuma.

Kila kiti lazima kiwe na mkanda unaovutika na kujifunga, pamoja na kiegemeo cha kichwa. Yapo magari yaliyotengenezwa kwa viti vitano na baadaye yakaongezwa benchi la nyuma gereji. Benchi la namna hiyo halikufanyiwa majaribio ya ajali na mikanda yake huweza kung'oka. Ili kubaini hilo, idadi ya viti iliyoandikwa katika kadi ya gari ilinganishwe na ile inayoonekana.

Suala la uzito nalo husahaulika. Nyaraka za usajili za Japani huhesabu kilo 55 kwa kila abiria, yaani kilo 385 kwa watu saba. Watu wazima saba wa kilo 70 hufikia kilo 490 kabla hata ya mzigo kupakiwa.

Ndiyo maana safari ya Desemba kwenda Moshi au Bukoba, gari likiwa limejaa watu na magunia yakiwa juu ya paa, huhitaji tahadhari. Mzigo wa juu hupandisha kitovu cha uzito, na gari refu kwenda juu hupinduka kwa urahisi zaidi katika kona au dereva anapokwepa kitu ghafla. Gari lenye mfumo wa kompyuta wa kuzuia kuserereka lina faida kubwa hapa.

Baada ya viti, mtihani unaofuata ni injini. Injini ya petroli ya lita 2.7 inayopatikana katika Prado nyingi haina nguvu nyingi, lakini inasifika kwa uimara na hutumia cheni badala ya mkanda wa kuendesha valvu. Ile ya dizeli ya lita 3.0 ya D-4D ina nguvu na hula mafuta kidogo, ila nozeli zake zikichoka gharama ya kuzibadili ni kubwa, na mkanda wake lazima ubadilishwe kwa wakati.

Vanguard ya lita 2.4 hutumia injini ambayo baadhi yake, hasa za miaka ya mwisho ya 2000, zimejulikana kwa kula oili kutokana na ringi za pistoni. Mnunuzi anapaswa kupima kiwango cha oili na kutazama moshi injini inapowashwa ikiwa baridi. Moshi wa buluu ni dalili ya oili inayoungua. Mweupe usiokoma huashiria maji ya rejeta yanayoingia ndani ya injini. Na mweusi ni mafuta yanayozidi.

X-Trail na Outlander nyingi zina gia boksi ya aina ya CVT, inayotumia mkanda wa chuma badala ya gia za kawaida. Gia boksi hiyo hudai oili yake maalumu. Fundi akiijaza oili ya gia boksi ya kawaida ya otomatiki, huharibika mapema, na kuibadili yote ni gharama inayoumiza. Gari lijaribiwe kwenye mlima. Likitetemeka, kuchelewa kuvuta au kutoa mlio, liachwe.

Kilomita zinazosomeka kwenye dashibodi zisiaminiwe peke yake. Nchini Japani gari binafsi hukaguliwa kwa mara ya kwanza baada ya miaka mitatu, kisha kila baada ya miaka miwili, na kilomita huandikwa. Hati ya kusafirisha gari nje huonyesha kumbukumbu hiyo. Karatasi ya mnada nayo hutoa daraja: 4 au 4.5 ni zuri, na herufi R huashiria gari lililowahi kupata ajali na kutengenezwa.

Gari lililozama katika mafuriko hutambulika kwa kuvuta mkanda wa kiti hadi mwisho na kutafuta alama ya tope, kunusa zulia, na kukagua kutu chini ya viti na mahali panapokaa tairi la akiba. Magari yaliyotumika kaskazini mwa Japani yaangaliwe chini kwa jeki, kwani chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa theluji hula chuma.

Matairi huonyesha umri wake kwa tarakimu nne: 2319, kwa mfano, ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Baadhi ya magari hufika na matairi ya theluji, ambayo ni laini na huisha haraka kwenye lami ya joto, hayo yabadilishwe.

Jambo lisilojulikana na wengi ni mifuko ya hewa iliyotengenezwa na kampuni ya Takata ya Japani, iliyofilisika mwaka 2017. Kemikali ya kuijaza mifuko hiyo huharibika kwa joto na unyevu wa muda mrefu, na mfuko unapofumuka huweza kurusha vipande vya chuma kwa dereva au abiria. Hali ya hewa ya pwani ya Dar es Salaam, Tanga na Mombasa ndiyo ya joto na unyevu. Namba ya chesisi iingizwe katika tovuti ya mtengenezaji ili kujua kama gari liliitwa kurekebishwa na kama kazi hiyo ilifanyika.

Kwa anayeagiza mwenyewe, umri na ujazo wa injini hubadili kodi. Tanzania imekuwa ikitoza ushuru wa bidhaa wa asilimia 5 kwa injini inayozidi sentimeta za ujazo 1,000 hadi 2,000, na asilimia 10 kwa inayozidi hapo, pamoja na nyongeza kwa gari la miaka minane na kuendelea. Kwa kuwa viwango huweza kubadilishwa na bajeti ya kila mwaka, mnunuzi apige hesabu kwanza katika kikokotoo kilichoko kwenye tovuti ya Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA). Nchini Kenya gari lililozidi miaka minane haliruhusiwi kuingia kabisa.

Kwa anayenunua ndani ya nchi, jina katika kadi lilingane na kitambulisho cha muuzaji. Gari lenye mkopo huweza kuwa na jina la benki kama mmiliki wa hati. Faini za barabarani ambazo hazijalipwa zaweza kuangaliwa kwa namba ya gari katika mfumo wa Polisi. Fedha zilipwe kwa mwenye gari, si kwa dalali, na umiliki uhamishwe mara moja.

Mwisho, familia inayoishi kwenye lami na isiyopanda milima haina ulazima wa gari la juu. Toyota Noah yenye injini ya lita mbili huwapa abiria wa nyuma nafasi kubwa kuliko magari mengi ya kundi la pili. Gari la kuchagua ni lile ambalo mtoto wa safu ya tatu anafunga mkanda na kukaa salama, na ambalo baba na mama wanaweza kulihudumia bila kukopa tena.