Kuwaenzi Wanamichezo wa Vyuo: Tatizo la Istilahi

Vyuo vikuu vya Marekani vina desturi ya kuwaenzi wanafunzi wao wa zamani waliotia fora katika michezo mbalimbali. Anayetaka kuieleza desturi hiyo kwa Kiswahili hukumbana na neno *mwanariadha*. Katika Kiarabu lilikotoka, *riadha* ni michezo yote. Kiswahili kimelibana libaki na kukimbia, kuruka na kurusha.

Tuchukue mfano wa chuo kikuu cha El Paso, Texas. Suleiman Nyambui, Mtanzania aliyetwaa medali ya fedha ya mita 5,000 huko Moscow mwaka 1980, alisoma hapo, naye ni mwanariadha bila ubishi. Lakini timu ya mpira wa kikapu ya chuo hicho hicho, ambayo mwaka 1966 iliishinda Kentucky 72-65 katika fainali ikianza na wachezaji watano weusi, ilikuwa ya wanamichezo, si wanariadha. Anayeandika “wanariadha bora wa chuo” huwa amekwisha kuwafuta mashujaa hao orodhani.

Jina la ukumbi wa kuwaenzi nalo lina walakini. “Ukumbi wa Umaarufu” ni tafsiri dhaifu, kwani hata mwizi huweza kuwa maarufu. Tunapendekeza Ukumbi wa Heshima.