Kinga ya Kompyuta ya Nyumbani: Je, Iliyomo Ndani Yatosha?

Kompyuta imekwisha kupanda milima. Hata huku Bugeshi, sekta ya Wilaya ya Rubavu iliyo mpakani na Kongo, zimo nyumba ambamo picha za arusi, vyeti vya watoto na hesabu za mavuno ya viazi vimehifadhiwa katika chombo hicho. Baba akiwa lindoni mbali, mama na watoto ndio wanaobaki nacho. Swali la wengi basi ni hili: je, kinga ya virusi iliyokuja pamoja na kompyuta yatosha, au yafaa kununua nyingine?

Kwa nyumba ya kawaida yatosha, lakini kwa masharti.

Windows ilipata kinga kamili ndani yake mwaka 2012, ilipotoka Windows 8. Kinga hiyo huitwa Defender. Mwaka huohuo taasisi ya Ujerumani inayopima programu za kinga, AV-TEST, iliinyima cheti Security Essentials, programu ya bure iliyotoka kwa kampuni ileile ya Microsoft. Tangu hapo mambo yamegeuka: katika vipimo vya taasisi hiyo, Defender imepata mara nyingi alama 6 kwa 6 za ulinzi, sawasawa na programu za kulipiwa. Wala kuwasha kinga mbili pamoja si ulinzi maradufu. Aghalabu huzuiana, na kompyuta ikawa nzito.

Sharti la kwanza ni habari mpya. Askari anajua kwamba mlinzi wa kizuizini mwenye orodha ya wahalifu ya mwaka jana atampisha mhalifu wa leo. Kompyuta ikikaa wiki nyingi bila intaneti kwa kuogopa bei ya vifurushi, orodha yake huchakaa, na huku flashi inakwenda katika duka la kutolea nakala na kurudi na virusi. Iunganishwe walau mara moja kwa wiki, na kila flashi ikaguliwe kabla ya kufunguliwa.

Sharti la pili ni kuziba nyufa za Windows yenyewe. Tarehe 12 Mei 2017 virusi vya WannaCry vilifunga faili katika kompyuta zaidi ya laki mbili duniani, zikiwamo za hospitali za Uingereza, na kudai fidia. Marekebisho ya kuziba ufa huo yalikuwa yametolewa tangu mwezi Machi. Walioumia ni wale ambao hawakuyapokea. Tukumbuke pia kwamba tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilikoma kutoa marekebisho ya kawaida ya bure kwa Windows 10. Mwenye nayo ahamie Windows 11 ikiwa mashine yake yaweza kuipokea.

Sharti la tatu ni mwenye nyumba mwenyewe. Programu za wizi, zilizovunjwa kufuli, mara nyingi humwagiza mtumiaji azime kinga kwanza ndipo aziweke. Huko ni kumfukuza mlinzi na kumfungulia mgeni mlango. Wala hakuna kinga iwezayo kumzuia mtu asimtajie tapeli nywila yake ya Irembo au namba ya siri ya fedha za simu. Watoto nao wafundishwe hayo kabla ya kuachiwa kompyuta.

Hata masharti yote yakitimizwa, faili zaweza kupotea: mashine huibwa, huungua, huanguka. Kwa hiyo wekeni nakala katika diski ya pembeni, kisha ichomoeni, kwa maana diski iliyoachwa imechomekwa hufungwa na virusi pamoja na kompyuta. Jumamosi ya mwisho wa mwezi, baada ya umuganda, ni siku njema ya kazi hiyo. Cheti chaweza kuombwa tena. Picha ya mzazi aliyefariki haipigwi mara ya pili.