Richarlison alivyotoka benchini hadi kwa mwanasaikolojia
SEPTEMBA 2023, Brazil ikiichapa Bolivia 5-1, Richarlison alitolewa, akaangua kilio benchini. Straika huyo wa Tottenham akasema akirudi Uingereza atamtafuta mwanasaikolojia. Awali mambo hayo aliyaona upuuzi. Mwaka 2024 akakiri yamemwokoa maisha.

Kikao cha kwanza hakina maajabu. Ni maswali tu: unalalaje, nyumbani kukoje, mpira ulianza lini kuwa mzigo. Hofu kubwa ya mchezaji ni kocha kujua, hivyo aulize mapema: kama klabu ndiyo inalipa, itaambiwa nini? Wengine hutoka hoi kuliko mazoezini, wala si dalili mbaya. Baada ya vikao kadhaa hamjaelewana? Badilisha mtaalamu. Mbona makocha wanatimuliwa kila wiki!