TUSINUNUE JINA



Katika safari zetu za kutembelea matawi ya mashamba na ya viwanda, tumekuta jambo moja ambalo limekwisha kula fedha za wanachama. Nalo ni majina ya kompyuta za kubebwa. Muuzaji mmoja husema laptopu, wa pili notibuku, wa tatu netibuku, wa nne Ultrabook, wa tano tableti. Kiswahili nacho kina yake: wengine husema kompyuta mpakato, wengine kipakatalishi, na tableti huitwa kishikwambi. Mfanyakazi aliyetoka kuchuma chai tangu alfajiri atajuaje lipi ni lipi?

Tawi letu moja lilichanga fedha kwa miezi minane ili lipate mashine ya kutunza orodha ya wanachama na hesabu za ada. Katika muhtasari wa mkutano yaliandikwa maneno matatu tu: kompyuta ya kubeba. Wajumbe wawili wakatumwa mjini. Muuzaji akawaonyesha Chromebook, safi, nyepesi, ya bei nafuu, akawaambia hiyo ndiyo laptopu. Hakusema uongo, maana kwa umbo ni laptopu kweli. Lakini ilipofika tawini, programu ya hesabu tunayotumia, ambayo ni ya Windows, ilikataa kuingia. Tena kazi nyingi za mashine ile hutegemea intaneti, na kwenye kambi ile mtandao hupatikana kilimani tu. Muuzaji akakataa kuipokea tena. Wajumbe wale wakasemwa kwamba wamekula fedha. Hawakula hata senti. Kosa lilikuwa letu sote, hata sisi waandalizi tuliosoma muhtasari ule tukanyamaza.

Majina haya yametoka kwa watengenezaji na wauzaji, na kila kipindi yamebadilika. Mwaka 1981 huko Marekani ilitoka Osborne 1, ikaitwa kompyuta ya kubebeka. Ilikuwa na uzito wa kilo 11 hivi, wala haikuwa na betri ndani yake. Baadaye zikaja za kukunjwa, zinazokaa mapajani, nazo zikaitwa laptopu. Mwishoni mwa miaka ya 1980 zilizopunguzwa uzito na ukubwa zikaitwa notibuku, yaani daftari. Siku hizi maneno hayo mawili ni kitu kile kile, na asiwepo wa kukutoza zaidi kwa sababu ya neno.

Mwaka 2007 kampuni ya Asus ilitoa Eee PC yenye kioo cha inchi 7. Mashine za namna hiyo, ndogo, za bei ya chini na nguvu kidogo, ziliitwa netibuku. Mwaka 2011 kampuni ya Intel ilileta jina la Ultrabook kwa zile nyembamba zenye nguvu na bei ya juu. Mwaka huo huo Chromebook za kwanza zilianza kuuzwa. Tableti ni bamba la kioo linaloguswa kwa kidole; ilienea sana baada ya iPad kutoka mwaka 2010.

Tutazame majirani. Nchini Kenya, katika uchaguzi wa mwaka 2013, muungano wa Jubilee uliahidi laptopu kwa watoto wa darasa la kwanza. Shule zilipoanza kupokea vifaa mwaka 2016, watoto walipewa tableti. Nchini Tanzania makarani wa sensa ya mwaka 2022 walitumia vishikwambi, na kwa kazi ile vilifaa: mtu anakwenda nyumba kwa nyumba, anauliza na kujaza majibu. Lakini karani wa tawi anayepiga barua ndefu na kupanga majina mia nne anahitaji kibodi. Kwanza tujue kazi, ndipo tutafute chombo.

Basi kabla fedha hazijatoka katika sanduku la tawi, kamati iandike haya kwenye muhtasari: Ni kazi gani itafanywa? Programu tunayotumia itaingia? Itafanya kazi pasipo mtandao? Betri hukaa saa ngapi? Kumbukumbu yake ya kufanyia kazi ni gigabaiti ngapi, maana kwa kazi za ofisi 8 zinafaa? Kioo ni inchi ngapi? Dhamana ni ya muda gani, na ikiharibika atatengeneza nani? Wajumbe wabebe karatasi hiyo dukani, mashine iwashwe mbele yao, na programu ijaribiwe kabla ya kulipa. Risiti nayo itaje aina na namba ya mashine.

Vivyo hivyo katika mapatano na mwajiri. Akikubali kutoa kompyuta kwa ofisi ya tawi, isiandikwe neno moja tu. Yaandikwe yale itakayoweza kufanya, ili siku ya kukabidhiwa pasiwe na ubishi.

Wengi wetu tuliishia shule ya msingi, na mbele ya kaunta yenye vioo huwa tunaona haya kuuliza. Muuzaji huiona haya hiyo. Ndugu, kuuliza si ujinga. Fedha ile ni jasho la watu mia nne, nao wana haki ya kujua imenunua nini.