Oposamu wa Mitini Si Panya

Katika misitu ya mto Amazon, Amerika ya Kusini, yuko oposamu mwenye manyoya laini kama sufu. Ukimwona usiku mtini utasema, "Panya huyo!" Ngoja kwanza. Panya ana meno 2 tu mbele, taya la juu. Huyu anayo 10, na jumla yake ni 50. Mguu wa nyuma una kidole gumba kisicho na ukucha, cha kushikia tawi. Usoni ana mstari wa kahawia. Jamaa yake hasa ni kangaruu: mtoto huzaliwa mdogo mno, akakulia chuchuni.

Usidhani ni mharibifu tu. Anapokunywa maji matamu ya maua, unga wa ua humshika usoni, akaupeleka ua jingine. Ndipo mti huzaa.