Mpanga miji: kazi inayokumbukwa baada ya nyumba kujengwa

Tarehe 17 Januari 2002, lava ya volkano Nyiragongo ilishuka hadi katikati ya mji wa Goma. Ilifunika nyumba, maduka na sehemu ya uwanja wa ndege. Wakaaji walirudi haraka, wakajenga tena juu ya mawe yale yale meusi. Tarehe 22 Mei 2021 volkano ililipuka tena, na lava ikafika hadi Buhene, mlangoni mwa mji.

Nani anapaswa kusema hapa pajengwe na pale pasijengwe? Hiyo ndiyo kazi ya mpanga miji, ambaye wengi nchini Congo humwita kwa Kifaransa urbaniste. Mara nyingi watu humchanganya na mpima ardhi. Lakini mpima ardhi anaonyesha mpaka wa kiwanja kimoja. Mpanga miji anaanza mapema zaidi: anachunguza mteremko, udongo na njia za maji ya mvua, anahesabu watu watakaoongezeka, kisha anatenga nafasi ya barabara, shule, soko na makaburi.

Kazi hii ilizaliwa na shida. Katika miji ya viwanda ya Uingereza, watu walisongamana na maji machafu yakaleta kipindupindu. Mwaka 1909 Chuo Kikuu cha Liverpool kilianza kuifundisha, na mwaka 1914 wataalamu wake waliunda chama chao London.

Congo iliipata kupitia ukoloni. Élisabethville, Lubumbashi ya leo, ilianzishwa mwaka 1910 kwa avenyu zilizonyooka. Lakini ramani ilitumika pia kutenga watu: wazungu upande mmoja, Waafrika upande mwingine, na kati yao eneo lililoachwa tupu. Afya ndiyo iliyotajwa kuwa sababu. Kamalondo na Kenya zilikua upande ule wa Waafrika.

Amri ya tarehe 20 Juni 1957 kuhusu mipango miji ilitoka miaka mitatu tu kabla ya uhuru. Sheria ya mwaka 1973 ikasema ardhi ni mali ya serikali. Hata hivyo, katika mitaa mingi mambo huenda kinyume: mtu hununua kiwanja, anajenga, kisha anatafuta karatasi. Ramani hufika mwisho. Huko Bukavu, nyumba zimepanda hadi kwenye miteremko mikali, na mvua kubwa inapokuja, udongo huporomoka pamoja na watu waliolala.

Mtaalamu akiitwa wakati huo, hana tena la kupanga ila kubomoa, na anayebomolewa ndiye anayelipa.

Siku chache baada ya mlipuko wa 2021, viongozi waliamuru sehemu kubwa ya Goma ihame. Maelfu ya familia zilisongamana kwenye barabara ya Sake, kwa miguu, kwa pikipiki na kwa magari. Siku ile kila mmoja aliona kwamba njia za kutokea mjini hupangwa kabla ya hatari kufika.