Karibu na Uwanja: Nini Hasa Hupandisha Bei ya Nyumba?

Tangu Septemba 2023, CAF ilipozipa Kenya, Tanzania na Uganda uenyeji wa pamoja wa mashindano ya soka ya AFCON 2027, madalali wa viwanja wamepata msemo mtamu: "karibu na uwanja". Arusha unatumika kuelekea Olmoti, ulipowekwa uwanja wa watu 30,000. Nairobi unatumika upande wa Ngong Road, kwenye uwanja wa Talanta uliosanifiwa kuchukua watu 60,000. Mnunuzi anatajiwa bei ya eneo, kisha anaongezewa kidogo kwa ajili ya mpira, na asipohoji analipa.

Je, mashindano makubwa hupandisha kweli bei za nyumba? Hupandisha, lakini kwa kiasi kidogo kuliko tunavyoambiwa na mapema kuliko tunavyodhani. Na mara nyingi mpira wenyewe hauhusiki sana.

Mji uliochunguzwa vizuri ni London. Tarehe 6 Julai 2005, kwenye mkutano wa Singapore, London iliishinda Paris na kupewa Olimpiki ya 2012. Michezo ilipangiwa wilaya tano: Newham, Tower Hamlets, Hackney na Waltham Forest upande wa mashariki, pamoja na Greenwich ng'ambo ya mto Thames. Pale Stratford, ulipojengwa uwanja mkuu, palikuwa na ardhi iliyochafuliwa na viwanda vya zamani, mifereji iliyosahaulika na nyumba ambazo kwa kipimo cha London zilikuwa rahisi. Mtafiti Georgios Kavetsos alichukua kumbukumbu za mauzo ya nyumba za kabla na baada ya tangazo lile, akazilinganisha wilaya hizo tano na sehemu nyingine za jiji. Akakuta nyumba za wilaya wenyeji ziliuzwa kwa nyongeza ya kati ya asilimia 2.1 na 3.3. Kwa nyumba zilizokuwa ndani ya maili tatu, kama kilomita 5, kutoka uwanja mkuu, nyongeza ilifika asilimia 5 hivi.

Asilimia 5 si haba kwa mwenye nyumba, lakini si utajiri. Atakayetazama bei za Stratford za leo na za 2005 ataona zimepanda mno kuliko hapo, na atashawishika kuipa Olimpiki sifa zote. Tatizo ni kwamba London karibu yote ilipanda, hata mitaa ambayo haikumwona mwanariadha hata mmoja. Kwa hiyo mthamini makini hatoi bei ya jana kwenye bei ya leo akaishia hapo. Anatafuta mtaa unaofanana na Stratford usiopata uwanja, anapima ulivyopanda, kisha anaangalia tofauti. Tuseme mtaa wa uwanja umepanda asilimia 40 na mwenzake asilimia 37. Uwanja umeleta tatu tu. Zilizobaki zimeletwa na mishahara, riba za mikopo, uhaba wa nyumba na watu kumiminika mjini. Matangazo ya viwanja yanatuonyesha ile 40 peke yake.

Kingine cha kuangalia ni siku. Kavetsos alipima athari ya tangazo la 2005, miaka saba kabla mwenge haujawashwa. Bei ya nyumba hubeba matarajio: muuzaji anasikia habari sawa na mnunuzi, na siku hiyo hiyo anabadilisha bei yake. Faida inamwendea aliyekuwa na nyumba kabla ya habari kutoka. Anayekuja baada ya tingatinga kuanza kazi anauziwa matarajio yaliyokwisha kuhesabiwa, tena kwa bei kamili.

Halafu kuna reli. Huu ndio moyo wa habari yote ya Stratford, na ndio unaosahauliwa. Njia ya treni ya Jubilee ilifikishwa hapo 1999, wakati Olimpiki bado ni ndoto. Kituo cha treni za mwendo kasi, Stratford International, kilifunguliwa 2009 kwenye reli ielekeayo handaki la chini ya bahari kwenda Ufaransa, mradi ulioanza kupangwa tangu miaka ya 1990. Westfield, moja ya majengo makubwa kabisa ya maduka barani Ulaya, lilifunguliwa Septemba 2011. Njia ya treni ya Elizabeth ikafuata 2022. Mkazi wa Stratford anayefika katikati ya jiji kwa dakika chache ana sababu ya kulipa zaidi kila siku ya kazi, si kwa wiki mbili za riadha. Kwa maoni yangu zawadi kubwa ya Olimpiki kwa mashariki ya London ilikuwa tarehe: siku ya ufunguzi ambayo hakuna waziri aliyeweza kuisogeza mbele. Miradi ambayo ingesuasua kwa miongo ililazimika kumalizika.

Mahali ambapo miundombinu na uhaba wa nyumba havikukutana, mambo yalikwenda vingine. Rio de Janeiro, kwa Olimpiki ya 2016, kijiji cha wanariadha kilijengwa Barra da Tijuca na wawekezaji binafsi: majengo 31 yenye nyumba 3,604, yaliyokusudiwa kuuzwa kwa watu wenye uwezo. Brazili ikaingia kwenye mdororo mkali wa uchumi, Barra yenyewe ilikuwa na nafasi tele ya kujenga, na sehemu kubwa ya nyumba hizo zikakosa wanunuzi. Wakati huo huo familia nyingi za Vila Autódromo, kitongoji kilichopakana na eneo la michezo, zilikuwa zimeshahamishwa.

Mfano wa Arlington, Texas, unafundisha zaidi ingawa hautajwi sana. Mwaka 2004 wapiga kura wa huko walikubali kuongezewa kodi ya mauzo ili klabu ya Dallas Cowboys ijengewe uwanja. Wachumi waliofuatilia bei waligundua kwamba nyumba za Arlington, kwa jumla, zilishuka kama asilimia 1.5, karibu sawa na mzigo wa kodi ambao kila kaya ilitarajia kuubeba. Yaani wanunuzi walipiga hesabu, wakaona fahari ya kuwa na uwanja haifiki hata senti baada ya kutoa gharama zake.

Hata bila kodi, uwanja una kero zake. Waulize wanaoishi jirani na Uwanja wa Benjamin Mkapa siku ya mechi ya Simba na Yanga: honi, magari yaliyoegeshwa mlangoni, takataka za kesho yake. Uwanja huo umekuwepo tangu 2007, na Temeke, ulikojengwa, haijageuka mtaa wa kifahari kama Masaki.

Hadi hapa tumemzungumzia mwenye nyumba. Kwa mpangaji, kupanda kwa bei ni hasara tupu. Kwenye ardhi ya Olimpiki ya London palikuwa na nyumba za ushirika za Clays Lane. Wakazi wake zaidi ya 400 walihamishwa na nyumba zikabomolewa 2007. Kijiji cha wanariadha kilileta nyumba 2,818, karibu nusu zikiwa za gharama nafuu. Zile nyingine 1,439 ziliuzwa 2011 kwa kampuni ya Qatari Diar na mshirika wake Delancey, ambao walizipangisha. Kodi ya pango huweza kupaa na kushuka haraka kuliko bei ya kununua. Ndugu zetu wanaofanya kazi Doha waliliona hilo 2022: wenye majengo walipandisha kodi kabla ya Kombe la Dunia, wengine wakakataa kuongeza mikataba ili wapishe wageni, na mashindano yalipokwisha kodi zikarudi chini.

Kwetu, mahali patakaponichanganya kama mthamini ni Hoima. Uganda imejenga pale uwanja wa watu 20,000, lakini Hoima pia ni mji wa mafuta ya Ziwa Albert, una uwanja mpya wa ndege wa Kabalega, na bomba la kwenda Tanga linaanzia ukanda huo. Ardhi ikipanda bei huko, atakayesema ni AFCON awe na ushahidi.

Kwa hiyo ukiambiwa "karibu na uwanja", uliza habari za barabara ya lami, maji, daladala au matatu siku isiyo na mechi, kisha nenda ofisi ya ardhi uone kwenye mchoro wa mipango miji kama kiwanja hakijaingia kwenye hifadhi ya barabara. Linganisha bei na eneo linalofanana nalo lililo mbali na uwanja; kama tofauti inapita asilimia chache, omba upunguziwe au ondoka. Na wewe mpangaji wa Olmoti au wa kando ya Ngong Road, andikishiana na mwenye nyumba kodi itakayodumu hadi mwisho wa 2027, na ufanye hivyo sasa.